Msamiati wa Ufinyanzi na Suala la Wasifu wa Mfinyanzi: Mfano wa Usambara

Ikisiri

Wasifu wa mafundi wa Afrika Mashariki umeandikwa kwa upungufu mkubwa, na fundi aliyesahauliwa zaidi ni mfinyanzi. Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kuangalia eneo la Lushoto na milima ya Usambara, ambako ufinyanzi ni kazi ya kale na ya wanawake. Hoja kuu ni kwamba, mahali ambapo kalamu haikuandika jina la mfinyanzi, lugha imehifadhi kazi yake: katika mizizi ya maneno, katika ngeli, katika majina ya sehemu za chungu na katika methali. Kwa ajili ya ulinganisho, makala yanaangalia pia maisha ya wafinyanzi wawili wa Afrika waliopata wasifu, Ladi Kwali wa Nigeria na Magdalene Odundo aliyezaliwa Kenya. Mwishoni inapendekezwa namna ya kukusanya msamiati huu kabla haujapotea.

1. Utangulizi

Katika karne ya 20 palizuka, Uingereza na Japani kwanza na baadaye kwingineko, aina mpya ya fundi ambaye hapa ataitwa mfinyanzi wa karakana. Huyu ni mfinyanzi anayefanya kazi katika karakana yake mwenyewe, anayebuni na kutengeneza chombo tangu mwanzo hadi mwisho, na ambaye chombo chake hujulikana kwa jina lake. Bernard Leach, aliyeanzisha karakana ya St Ives mwaka 1920 pamoja na Hamada Shoji wa Japani, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwasisi wa mkondo huo. Wafinyanzi wa aina hii wana wasifu: miaka yao, walimu wao, maonyesho yao na mabadiliko ya mitindo yao huandikwa na kusomwa.

Ukichunguza sifa hizo moja moja, utaona kwamba nyingi si mpya. Mwanamke anayefinyanga katika milima ya Usambara naye hufanya kazi nyumbani kwake, huchagua udongo mwenyewe, hufinyanga, hunakshi, huchoma na hupeleka sokoni. Wanunuzi wake humtambua kwa kazi ya mkono wake. Tofauti iliyopo ni moja: jina lake halikuandikwa. Vyungu vingi vya Afrika vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya vimeandikiwa jina la kabila na la mahali vilipochukuliwa, huku sehemu ya jina la fundi ikiachwa wazi.

Swali linaloongoza makala haya, basi, ni hili: je, inawezekana kuandika maisha na kazi ya mfinyanzi ambaye hakuacha maandishi wala hakuandikwa? Jibu linalotolewa ni kwamba inawezekana kwa sehemu, na kwamba ushahidi wa kwanza wa kutazamwa ni wa kiisimu. Ushahidi huo, hata hivyo, nao unapungua mwaka hadi mwaka.

2. Usambara: Mahali na Kimya cha Maandishi

Milima ya Usambara imo katika Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Bonde la mto Lwengera linaigawa sehemu mbili: Usambara Mashariki, na Usambara Magharibi ambako ndiko uliko mji wa Lushoto, ulioitwa Wilhelmstal wakati wa utawala wa Wajerumani. Wenyeji walio wengi ni Washambaa, ambao lugha yao, Kishambaa, imo katika kundi moja na Kibondei, Kizigula na Kinguu. Pamoja nao wapo Wapare na Wambugu.

Ufinyanzi katika milima hii una umri mkubwa. Katika miaka ya 1960, Robert Soper alichunguza vigae vya aina iliyopewa jina la Kwale, kutokana na mahali palipo karibu na pwani ya Kenya, na kuonyesha kwamba vigae vya aina hiyo hiyo vimo Usambara na Upare pia (Soper 1967). Vyombo hivyo ni vya takriban karne ya 2 na ya 3 B.K. Hutambulikana kwa midomo yake iliyokatwa pembe na kutiwa mifereji, na wanaakiolojia huvihusisha na jamii za mwanzo za wakulima na wafua chuma katika eneo hili, ambazo kwa kawaida hudhaniwa kuwa zilisema lugha za Kibantu. Kwa maneno mengine, ushahidi wa zamani kuliko wote walioacha watu hao ni kazi ya mikono ya wafinyanzi. Falme zilikuja baadaye sana.

Hata hivyo, maandishi juu ya Usambara ni maandishi ya watawala. Habari za Wakilindi, kitabu kikubwa cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi kilichoanza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19, kinasimulia ukoo wa Mbegha na makao yake ya Vuga hadi enzi ya Kimweri ye Nyumbai na mafarakano yaliyofuata kifo chake mwaka 1862. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alikwenda kuonana na mfalme. Steven Feierman, aliyeupanua sana uelewa wetu kwa kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa na cha mwaka 1990 juu ya wenye fikra miongoni mwa wakulima, aliwaleta mbele waganga wa mvua, wakulima na wanasiasa wa vijijini. Mfinyanzi hakupata sura yake.

Ulinganisho na fundi wa chuma unaonyesha kwamba kimya hiki hakikuwapata mafundi wote. Katika historia ya Ugweno, Upare Kaskazini, ukoo wa wahunzi, yaani Washana, una nafasi kubwa: Kimambo (1969) ameeleza namna ulivyotawala na namna ulivyopinduliwa na Wasuya. Mhunzi ana ukoo, na ukoo una historia ya siasa. Mfinyanzi ni mwanamke, na ujuzi wake hupita kutoka kwa mama au shangazi kwenda kwa binti. Na kwa kuwa binti huolewa na kuhama, ujuzi huo huhama pamoja naye. Njia hiyo haikutoa ukoo wa kuandikiwa tarihi. Ilitoa kitu kingine, nacho ni msamiati.

3. Mizizi Miwili: -umba na -finyanga

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyohusu kazi hii. Kitenzi -finyanga ndicho cha kawaida. Kitenzi -umba, katika matumizi ya leo, ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Mtu akisema kwamba jirani yake anaumba vyungu, ataeleweka, lakini atasikika kama mtu anayetumia lugha ya kishairi.

Isimu linganishi inaonyesha kwamba mgawanyo huu umekuja baadaye. Kitenzi -umba kinatokana na mzizi wa Mame-Bantu *-bumb-, ambao maana yake ilikuwa kufinyanga. Kiganda kina kubumba na omubumbi, yaani mfinyanzi. Kinyarwanda kina kubumba. Kibemba, Kizulu na Kishona nazo zinao mzizi huo. Katika Kiswahili, *b ya mwanzo imedondoka kama ilivyodondoka katika *-bon-, iliyotupa -ona. Konsonanti ya pili imebaki kwa kuwa imetanguliwa na nazali. Umbo la neno, kwa hiyo, halina utata.

Maana ndiyo iliyosafiri. Kutoka katika kuupa udongo umbo, neno limepanda hadi kulipa umbo kila kilichopo. Safari hiyo si ya Kiswahili peke yake. Katika Kikuyu, mama wa asili wa jamii nzima anaitwa Mũmbi, jina ambalo ni nomino ya mtendaji kutokana na kitenzi hicho hicho. Masimulizi ya dini za Kiislamu na Kikristo, ambamo mwanadamu wa kwanza anatokana na udongo, yalikuta njia imekwisha kutengenezwa ndani ya lugha.

Mnyambuliko wa -umba katika Kiswahili bado unabeba kumbukumbu ya kazi ya udongo. Mathalani:

(a) umbo: namna kitu kilivyofinyangwa;
(b) kiumbe: kilichofinyangwa;
(c) maumbile: hali ya kufinyangwa, na kwa hiyo tabia ya asili;
(d) -umbua: kufumua kilichofinyangwa, na kwa hiyo kuaibisha;
(e) -umbuka: kupoteza umbo, na kwa hiyo kuaibika.

Mifano (d) na (e) inastahili kuangaliwa zaidi. Kiambishi -u- hapa ni kile cha kutendua, kama katika -funga na -fungua, au -fumba na -fumbua. Msemaji wa leo anayesema kwamba fulani ameumbuka hafikirii chungu. Lakini muundo wa neno unasema kwamba aibu ni sawa na chombo kibichi kilichoporomoka mikononi, mbele ya watu.

Kitenzi -finyanga, kwa upande wake, kimebaki karibu na mikono. Kimofolojia kinaweza kuchanganuliwa kuwa -finya, yaani kubana kwa vidole, pamoja na kiambishi -ang- cha tendo linalorudiwarudiwa. Uchanganuzi huo unalingana na kazi yenyewe, kwani mfinyanzi asiyetumia gurudumu huinua kuta za chungu kwa mibano midogo mingi.

Nomino za mtendaji nazo zina jambo la kufundisha. Kutokana na -umba tuna Muumba, yenye kiishio -a. Kutokana na -finyanga tuna mfinyanzi, yenye kiishio -i, na kiishio hicho ndicho kilichogeuza ng kuwa nz, kama katika -jenga na mjenzi. Nomino za kiishio -a kwa kawaida hudai kijalizo: mfua chuma, mpiga ngoma. Nomino za kiishio -i husimama peke yake, nazo mara nyingi hutaja shughuli ya kudumu ya mtu. Sarufi, basi, imemtambua mfinyanzi kuwa mtu mwenye kazi inayojulikana, bila kuhitaji kuongeza anafinyanga nini.

Zaidi ya hayo, katika Kiswahili cha shule na cha kilimo, aina za udongo ni kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Hapa fundi ndiye aliyeipa malighafi jina. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Lushoto anayeandika katika daftari kwamba udongo wa bondeni ni wa mfinyanzi anamtaja, bila kujua, mwanamke aliyewahi kuuchimba.

4. Ngeli na Ukubwa wa Chungu: nyungu, chungu, jungu

Shina la kale la jina la chombo cha kupikia ni -ungu, lililotanguliwa na kiambishi cha ngeli ya 9 na kutoa nyungu. Umbo hili hupatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili hakikuliacha, bali kililipa kazi mpya na kuunda maumbo mengine kwa kubadili ngeli:

(a) nyungu (9/10): chungu; leo hasa chungu cha kujifukizia dawa, na tendo lenyewe la kujifukiza;
(b) chungu (7/8), kutokana na ki- + -ungu: awali kidogo, leo chombo cha kawaida;
(c) jungu (5/6), kutokana na ji- + -ungu: chungu kikubwa;
(d) kijungu (7/8), kutokana na ki- + ji- + -ungu: chungu kidogo.

Mfuatano huu unaonyesha kanuni inayojulikana: umbo la udogo likizoeleka hupoteza maana ya udogo, na lugha hulazimika kuunda udogo mpya juu ya ukubwa. Hivyo ndivyo kijungu kilivyozaliwa, kwa namna ile ile iliyotupa kijitu na kijiti.

Lakini orodha hii ina maana kwa historia ya kazi pia. Lugha haitofautishi kwa makini kiasi hiki vyombo ambavyo wasemaji wake hawavitofautishi. Jungu ni la karamu na la ukoo, nalo ndilo lililotoa methali isemayo kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Wingi wake, majungu, umekuwa jina la fitina, kitu kinachopikwa na wengi pembeni. Kijungujiko ni riziki ndogo ya kujikimu tu. Nyungu imebaki kwa mgonjwa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, neno hili lilirudi midomoni mwa Watanzania wa kila rika, ingawa wengi walijifukizia sufuria. Katika Usambara, ambako Thompson (1999) alichunguza sanaa zinazoambatana na uganga wa Washambaa, uhusiano wa chombo na tiba ni suala linalopaswa kuzingatiwa na yeyote anayeorodhesha majina ya vyungu: kuuliza ukubwa wa chungu pekee hakutoshi, sharti iulizwe pia ni cha nani na cha shughuli gani.

5. Mwili wa Chungu, na Mfano wa Wafinyanzi Waliopata Wasifu

Sehemu za chungu katika Kiswahili zina majina ya mwili. Chungu kina mdomo, shingo, tumbo na kitako. Mtungi unaweza kuwa na masikio. Lugha nyingine duniani hufanya hivyo pia, lakini jambo la kawaida si jambo dogo. Majina haya yanaonyesha kwamba mfinyanzi huhukumu chombo kwa vipimo vya mtu aliyesimama: shingo iwe nyembamba kiasi gani juu ya tumbo, kitako kibebe uzito gani. Fundi anayemfundisha binti yake hana haja ya istilahi nyingine.

Inafaa hapa kuondoka Usambara kwa muda ili kuona nini hutokea ujuzi wa namna hii unapopata jina. Mwaka 1950 Michael Cardew, mwanafunzi wa zamani wa Leach, alipofika Nigeria, aliona katika kasri la emiri wa Abuja mitungi iliyofinyangwa na mwanamke wa Kigwari aliyeitwa Ladi Kwali. Mwanamke huyu alikuwa amejifunza kwa shangazi yake, kwa mkono, bila gurudumu. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha mafunzo ya ufinyanzi alichokianzisha Cardew, na mitungi yake ikaonyeshwa Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 1984, na picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Ustadi wake aliuleta kutoka kijijini. Kituo kilimwongezea tanuri, rangi ya kioo na, zaidi ya yote, utaratibu wa kuandika nani ametengeneza nini.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa za michoro, na akageukia udongo huko. Kabla ya kuhitimu Farnham mwaka 1976 alikwenda Abuja, ambako alikutana na kazi ya Ladi Kwali na wenzake, na pia alirudi Kenya kuwatazama wafinyanzi wa kwao. Alimaliza shahada ya uzamili katika Royal College of Art mwaka 1982. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono, hupakwa rojo laini la udongo, husuguliwa hadi vikang'aa, na havitiwi rangi ya kioo. Uchomaji wa kwanza, wenye hewa ya kutosha, hutoa rangi nyekundu kutokana na chuma kilichomo katika udongo. Uchomaji wa pili, ambamo hewa huzuiwa na kuni hutoa moshi, huvigeuza vyeusi. Vipo katika makumbusho makubwa ya Uingereza na Marekani, na mwaka 2020 alitunukiwa cheo cha Dame.

Watazamaji wengi wa vyombo vya Odundo huona ndani yake mwili wa mwanamke: tumbo lililojaa, shingo iliyoinuliwa, mdomo uliopanuka. Huo husifiwa kuwa ubunifu wa msanii, na ndivyo ulivyo. Lakini msemaji wa Kiswahili hana budi kukumbuka kwamba chungu kilikuwa na tumbo, shingo na mdomo kabla ya kufika katika ukumbi wa maonyesho. Kilichofanywa na Odundo ni kulichukua wazo lililomo katika lugha za wafinyanzi na kulifikisha mwisho wake.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba mpaka kati ya mfinyanzi wa kijiji na mfinyanzi wa karakana umewekwa na taasisi: shule, makumbusho, jarida na noti. Kwa upande wa Tanzania, Thompson (2007) alichapisha katika jarida la African Arts makala juu ya Namsifueli Nyeki, mfinyanzi wa Kitanzania, na jina la mfinyanzi huyo ndilo lililotangulia katika anwani ya makala. Ni hatua ndogo kwa macho ya mpita njia. Kwa utafiti wa sanaa ya eneo hili ni mabadiliko ya mwelekeo.

6. Msamiati wa Kazi na Pengo la Kamusi

Kazi ya ufinyanzi ina hatua zinazojulikana popote: kuchimba udongo, kuukausha na kuuponda, kuondoa mawe na mizizi, kuuloweka, kuukanda, kuuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa, kufinyanga, kulainisha, kunakshi, kukausha kivulini na kuchoma. Kila hatua ina sababu yake. Mchanga na vigae hupunguza kusinyaa na kupasuka. Kivuli huzuia upande mmoja usikauke kabla ya mwingine. Moto usipofikia kiasi cha nyuzi 600 za Selsiasi, udongo hautageuka kuwa kigae na utarudi kuwa tope ukipata maji. Vitundu vidogo visivyozibwa na rangi ya kioo huruhusu maji yatoke kidogo kidogo na kufukika, na ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi.

Vitenzi vilivyotumika katika aya iliyotangulia karibu vyote ni vya jumla, na hata -kanda hutumika zaidi kwa unga. Hapa ndipo penye pengo. Kamusi zetu za Kiswahili zimejengwa zaidi juu ya maandishi na juu ya lugha ya pwani na ya mijini. Nazo hutaja mfinyanzi, chungu na mtungi, kisha hunyamaza. Fundi anayetofautisha udongo ulioiva kwa kukandwa na ambao haujaiva, au mlio wa chungu kizima na wa chungu chenye ufa, ana maneno ya kufanyia hivyo. Kwa Kishambaa msingi wa kuanzia upo: sarufi ya Roehl (1911), kamusi ya LangHeinrich (1921), na hasa msamiati uliopangwa kwa nyanja wa Besha (1993). Kazi hizi zilikusudia lugha nzima, si ufundi mmoja, na hivyo mtafiti wa ufinyanzi anapaswa kuanza pale zilipoishia.

Usambara ina faida moja ya ziada kwa mwanaisimu. Wambugu wana lugha ambayo Mous (2003) ameieleza kuwa na sarufi moja na misamiati miwili: mmoja unaokaribiana na Kipare, na mwingine wa ndani, wenye maneno mengi ya asili ya Kikushi. Katika eneo dogo kama hili, ambamo Kishambaa, Kipare, Kimbugu na Kiswahili hukutana sokoni, jina la chombo linaweza kutueleza nani alijifunza kwa nani. Neno lililokopwa pamoja na chombo huashiria biashara. Seti nzima ya vitenzi iliyokopwa huashiria ndoa na malezi, kwa kuwa vitenzi vya mkono hufundishwa nyumbani.

Kanuni hiyo huonekana pia katika Kiswahili. Chungu, jungu na kigae ni vya asili ya Kibantu. Kuzi, birika, sinia na sufuria zina asili ya Kiarabu, na zilikuja na biashara. Historia ya neno sufuria inafaa kukumbukwa: limetokana na neno la Kiarabu la shaba, na leo hutaja chombo cha alumini. Chombo hicho ndicho kilichomwondoa mfinyanzi jikoni, kama ndoo ya plastiki ilivyouondoa mtungi. Sababu zinaeleweka, kwani sufuria haivunjiki, ni nyepesi kubeba katika njia za milimani, na maji huchemka upesi zaidi ndani yake. Hakuna anayestahili kulaumiwa kwa kuinunua. Lakini kila chungu kinachotoka jikoni hutoka na maneno yake, na maneno hayo, tofauti na vigae vya Kwale, hayabaki ardhini yakamngoja mwanaakiolojia.

7. Methali na Hali ya Mfinyanzi

Methali inayojulikana zaidi juu ya fundi huyu ni Mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida hufafanuliwa kuwa fundi hajitengenezei mwenyewe, kama mshona nguo avaaye matambara. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haimalizi maana. Chungu chenye ufa hakiuziki. Mwenye kuishi kwa kuuza vyungu hula katika kile kilichoharibika kwa sababu kizima ni chumvi, nguo na ada ya shule. Methali, kwa hiyo, ni kauli ya kiuchumi: inaeleza nafasi ya mzalishaji asiyeweza kumudu bidhaa yake. Isomwe pamoja na Udongo uwahi ungali maji, ambayo hutumiwa kuhimiza malezi ya mapema. Asili yake ni onyo la kazini kwamba udongo ukikauka hausikii tena mkono. Methali ya kwanza inasimuliwa kwa jicho la mtazamaji. Ya pili ingeweza kutungwa tu na mtu aliyeujua udongo kwa vidole vyake. Ni moja ya mahali pachache ambapo sauti ya mfinyanzi mwenyewe inaelekea kusikika.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili na lugha za jirani zake zimehifadhi kazi ya mfinyanzi kwa kina ambacho historia andishi haikukifikia. Maneno ya uumbaji, ya aibu, ya fitina, ya riziki, ya tiba na hata jina la aina ya udongo yamepita mikononi mwake. Ushahidi huo, hata hivyo, ni wa fundi kwa ujumla. Hauwezi kumrudishia mwanamke mmoja wa Vuga au Mlalo jina lake, miaka yake na mtindo wake. Kwa hilo inahitajika kazi ya uwandani, na muda uliobaki ni wa kizazi cha wale wanaofinyanga sasa.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, msamiati wa ufinyanzi ukusanywe kwa kufuata kazi inavyotendeka, tangu shimo la udongo hadi soko, badala ya kwa dodoso la maneno peke yake. Vitenzi vipewe uzito sawa na nomino. Pili, ukusanywe sambamba katika Kishambaa, Kipare, Kimbugu na Kiswahili cha eneo hilo, ili mikopo ionekane. Tatu, kila neno, kila picha na kila chombo kiandikwe pamoja na jina la mfinyanzi aliyekitoa, kwa idhini yake, kama mtafiti anavyoandika jina la mshairi kando ya shairi. Wanafunzi wa uzamili watokao Tanga wana nafasi ya pekee katika kazi hii, kwa kuwa wengi wao wana bibi au shangazi ambaye maneno hayo bado yamo kinywani mwake. Udongo, kama methali ilivyosema, huwahiwa ungali maji.